Milango Saba ya Mashungi

1 Mfungo Nne 1354, Ijumaa

Mwaka mpya wa hijra umeandama na masika yameandama nao. Naandika kwa sababu sina wa kugombana naye. Baba hagombani siku ya Ijumaa, na kaka yangu Jecha ukimwambia neno hucheka. Nimeachwa mara mbili, na mara zote mbili nilirudi kwa baba na makawa yangu na ulimi wangu. Kwa hiyo karatasi na ivumilie.

Akiyaokota maneno haya mtu wa Wete asiyetujua, ajue kwamba hapa Mashungi palikuwa na ufalme. Haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa na kiti cha mpingo, na mnyororo uliofungwa mdomoni mwa bandari ili chombo kisiingie bila idhini. Nusu ya mnyororo ipo mpaka leo, mkoko umeota katikati ya pete zake. Bandari yenyewe imejaa mchanga. Maji yakitoka, kuku wa Bi Kazija huvuka ng'ambo wakarudi, wala hawaombi idhini ya mtu.

Kilichobaki cha ufalme ni milango. Ukuta wa mji ulikuwa na milango saba, na kila ukoo ulipewa wake wa kuulinda. Ukuta umeanguka zamani, koo zipo. Kila Ijumaa saa nne ya asubuhi muadhini wetu, Kificho, hupanda ngazi za msikiti akaita: Mlango wa Bahari. Wanaume wa ukoo ule hujibu kutoka vibarazani mwao, "Tupo," na wangapi. Kisha Mlango wa Chuma, wa Uvumba, wa Kisima, wa Minazi, wa Kusini, na mwisho Mlango wa Kiti, ambao ndio wetu, wa wafalme. Siku hizi Mlango wa Kiti ni baba na Jecha, basi.

Kificho huwahesabu kwa tasbihi, maana sheria yetu haina mchezo: Ijumaa haisaliwi ila kwa wanaume arobaini, wakaazi wa mji. Wakipungua husaliwa adhuhuri kama siku yoyote, na mji usiosali Ijumaa, asema baba, ni shamba lenye msikiti. Yeye ndiye khatibu, Khatibu Bakar, kama baba yake na babu yake. Nyumba yetu imepakana na msikiti, na dirisha langu linatazama mlango wake. Baba akishika upanga wa mti kwenda kupanda mimbari mgongo wake hunyooka, na mimi hapa nikisuka ukili wa mikeka yangu namwona mfalme.

Leo walikuwa arobaini na tatu.

3 Mfungo Nne

Mvua. Nimetega vyungu vyote chini ya paa, na mto wangu umelowa vile vile.

6 Mfungo Nne

Jecha amekuja kumwambia baba kwamba amepata kazi Wete, ya kupakia magunia bandarini, karafuu zikianza kuchumwa. Mkewe Time alisimama nyuma yake, amefumbata mikono. Baba alisema tutazungumza masika yakiisha. Jecha akacheka.

Walipotoka niliwafuata uani nikamwambia Jecha kwamba mtu kwao ndiko alikozaliwa, siko anakoshiba. Time akanijibu kwamba wifi yake hana watoto wa kulisha, ndiyo maana anajua methali nyingi. Nimekasirika mpaka sasa. Mtu wa Mlango wa Kiti akabebe magunia.

8 Mfungo Nne, Ijumaa

Mlango wa Chuma haukujibu. Ndugu wawili waliobaki wa ukoo ule wamehamia Tumbe, kunakoshuka samaki na kunakopatikana wanunuzi. Hawakuaga.

Desturi ni kwamba mlango usiojibu huitwa vile vile, na Kificho hungoja kadiri ya kusoma Kulhuwallahu, kisha akaendelea. Leo nilimsikia akingoja. Arobaini na mmoja.

10 Mfungo Nne

Nimefunga Ashura. Jioni nilipeleka futari kwa Mwanabaraka, mke wa Ngwali. Ngwali na nduguze, Matano na Jaribu, wanachoma chokaa kule mwisho wa mji, penye tanuu. Babu yao aliletwa kutoka bara akawa mtumwa wa nyumba yetu. Wao wenyewe wamezaliwa hapa, na baba yao pia. Siku ya Ijumaa hutangulia msikitini kabla ya wote wakakaa safu ya nyuma. Hawaitwi, kwa sababu hawana mlango. Sikuwahi kulifikiri jambo hili, kama mtu asivyofikiri upande wa nyuma wa nyumba yake.

Mwanabaraka alinambia mwanawe mdogo hucheza mchezo wa kuita milango, na jana alimuuliza wao wanaitwa wapi. "Nkamwambia siye wetu mlango wa jikoni," alisema. Akacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani kicheko kile kilikuwa bado hakijashuka.

15 Mfungo Nne, Ijumaa

Mtu mmoja wa Mlango wa Minazi amepanda chombo kumfuata binti yake Tanga. Arobaini kamili. Baba alikhutubu kwa urefu mpaka watoto wakalala.

17 Mfungo Nne

Jecha alikuja kuaga. Baba hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Ukitoka weye, tunabaki thelathini na tisa. Utakuwa umeufunga mji kwa mkono wako." Jecha alikaa barazani muda mrefu akitazama mvua. Kisha akaenda kumwambia Time wafungue mizigo. Nilifurahi sana, naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

19 Mfungo Nne

Mvua ya jana imeupasua ukuta wa kibla wa msikiti, ufa unaingia mkono. Asubuhi Ngwali alikuja na ngazi na chokaa yake bila ya kuitwa. Ukuta hauwezi kuzibwa wote mara moja, unangojewa ukauke, kwa hiyo atakuwa anakuja siku za jua. Hakutaka ujira.

22 Mfungo Nne, Ijumaa

Sijui nianze wapi.

Saa nne Kificho aliita. Mlango wa Kisima ulijibu "Wawili," na kila Ijumaa huwa ni watatu. Aliyekosekana ni Mzee Nyange, mume wa Bi Kazija, ambaye kifua kimembana tangu Jumanne. Kificho akamaliza milango yote, akashuka ngazi taratibu, akaja kumwambia baba thelathini na tisa.

Baba alikuwa ameshavaa. Alisema mleteni. Nikamfuata mpaka nyumbani kwa Nyange, maana nilijua Bi Kazija hatakubali, na nilitaka kumsaidia baba kumlainisha. Ndiyo, nilikwenda kwa hilo. Bi Kazija alisimama mlangoni, kanga ameifunga kiunoni. Mvua ilikuwa ikipiga kwa ubavu.

"Mgonjwa ana udhuru, Khatibu," alisema. "Weye ndo uliyetufundisha."

"Yeye ana udhuru," baba akamjibu. "Mji hauna."

Ndani tulimsikia Nyange akikohoa, kisha akasema achukuliwe, kwamba hataki kuwa yeye ndiye aliyeivunja Ijumaa. Wanawe wakakiinua kitanda. Mimi nikakimbia nyumbani nikaleta mkeka wangu mpya, ule wa rangi tatu niliokuwa nauwekea Idi, nikamfunika nao. Watu wanne walimpitisha njia nzima ya matope, naye mkono wake umetoka nje ya mkeka, anawaitikia watu salamu.

Wakawa arobaini. Sauti ya baba sijapata kuisikia ilivyokuwa leo. Alisoma majina ya miji iliyoangamia kwa kumsahau Mungu, kisha akasema Mashungi haimo, na mimi dirishani nililia kwa furaha. Nilidhani ndiyo siku bora ya maisha yangu.

Walipomtoa, mkeka ulikuwa unachuruzika maji na mkono ulikuwa umerudi ndani.

25 Mfungo Nne

Nyange hasemi. Bi Kazija amekataa uji wangu, ameupokea wa Mwanabaraka.

26 Mfungo Nne

Mzee Nyange amefariki alfajiri. Inna lillahi wainna ilayhi rajiun.

27 Mfungo Nne

Tumezika jana alasiri. Kaburi lilikuwa linaingia maji, na Ngwali na nduguze walikuwa wakiyachota kwa ndoo huku baba anasoma talakini. Watu wa milango walisimama kandokando na kanzu zao wamezishika juu.

Leo nilikwenda matangani. Bi Kazija alinipa mkeka wangu, ameukunja vizuri. "Huu wako," aliniambia. "Ushakauka." Wanawake wengine wakatazama chini. Nimeuweka darini, sitaulalia wala sitauuza.

Baba tangu arudi makaburini hajanena ila sala.

29 Mfungo Nne, Ijumaa

Kificho aliita milango yote saba. Thelathini na tisa.

Baba alikaa barazani amevaa kanzu na kilemba na joho, upanga wa mti mapajani, akitazama njia ya pwani. Nadhani alitarajia mtu atokee, msafiri wa zamani anayerudi kwao na kapu lake. Walipita kina Ngwali, wakamwamkia, wakaingia msikitini wakakaa nyuma. Walikuwa watatu. Nilijumlisha bila kukusudia, nikapata arobaini na wawili. Nikatazama huku na huku kama kuna mwengine aliyejumlisha, sikumwona.

Adhana ilipotolewa baba aliingia. Hakupanda mimbari. Walisali adhuhuri, rakaa nne, kama Jumatatu. Alipotoka alinipa upanga niuweke, na nilipoupokea niliona jinsi ulivyo mwepesi. Ni kipande cha mti tu.

1 Mfungo Tano

Mvua. Ukili umeota ukungu.

3 Mfungo Tano

Leo jua lilitoka kidogo. Tangu asubuhi tulikuwa tunasikia mwiko wa Ngwali ukikwaruza ukuta wa kibla, upande wa pili wa ua wetu. Baba alikuwa anakunywa chai. Nikamwambia kile nilichokuwa nimekimeza tangu Ijumaa.

"Baba, sheria inataka wanaume arobaini. Ngwali ni mwanamume, na nduguze ni wanaume."

"Hawana mlango."

"Kitabu kimesema mlango?"

Alikiweka kikombe chini. "Babu yake alikuwa mali ya mlango huu, Khairiya. Hakuwa mtu wa mlango. Leo nimwite, nimwite vipi?"

Mwiko ukanyamaza.

Ua wetu ni mdogo na baba huzungumza kama yuko mimbarini hata akiomba chumvi. Tulitazamana. Kisha mwiko ukaanza tena, polepole, ukakwaruza kama kawaida mpaka jua likafika kati.

Nilimpelekea Ngwali kahawa. Alishuka ngazini akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, Bi Khairiya." Akanywa, akakisuuza kikombe kwa maji ya mvua kabla ya kunirudishia, kama afanyavyo siku zote. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalinipotea. Ulimi huu ulionivunjia nyumba mbili haukunifaa siku niliyouhitaji.

Nimemkasirikia baba leo kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nimegombana naye maisha yangu yote, lakini kukasirika ni kitu chengine.

4 Mfungo Tano

Ukuta umekwisha, umelainishwa mpaka pembeni. Ngwali amechukua ngazi yake.

6 Mfungo Tano, Ijumaa

Thelathini na tisa. Safu ya nyuma ilikuwa tupu.

9 Mfungo Tano

Ngwali na nduguze wamehama na familia zao. Wameibomoa nyumba wenyewe, boriti na makuti, wakavuka navyo vichwani penye kivuko maji yalipopwa, kwenda Tumbe. Ukivuka mkono ule wa bahari ni mwendo wa nusu saa tu.

Niliwahi kumwona Mwanabaraka. Nilimwomba radhi kwa niaba ya baba, akanizuia. "Hatukukasirika," alisema. "Tumechoka tu, mwanangu." Ananishinda miaka mitatu, lakini leo alinambia mwanangu. Yule mwanawe mdogo alikuwa amekaa juu ya mzigo anaita milango, mmoja baada ya mmoja, na anajijibu mwenyewe.

12 Mfungo Tano

Jecha ameondoka. Alikuja kumbusu baba mkono, akamwambia, "Nilikaa kwa sababu ya arobaini, baba. Sasa haipo." Baba akamwambia nenda salama. Jecha hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Nimemwona mpumbavu miaka yote kwa kicheko chake, kumbe kilikuwa ndicho kilichokuwa kikitukalisha nyumba moja bila kutoana macho.

Time aliniachia kinu chake kwa kuwa ni kizito. Tulikumbatiana, nikataka kumwambia methali, nikaona bora ninyamaze. Watoto wale wamekula muhogo mkavu tangu Mfungo Tatu. Nilikuwa nauona, nikauita uvumilivu.

13 Mfungo Tano, Ijumaa

Thelathini na wanane. Mlango wa Kiti sasa hujibu, "Nipo."

16 Mfungo Tano

Mvua usiku na mchana. Baba amejifungia na vitabu. Nampelekea chakula, nakitoa kilivyo.

20 Mfungo Tano, Ijumaa

Vile vile. Ukuta wa mashariki wa msikiti umelika chini. Hakuna wa kuuziba.

23 Mfungo Tano

Baba ametoka chumbani leo baada ya sala ya asubuhi. Alikuja mpaka jikoni, mahali asipokuja, akakaa juu ya kigoda changu. Amekonda. Akasema:

"Nimetafuta mlango kitabuni. Arobaini wamo. Uungwana umo, kwamba asiwe mtumwa, na wale ni waungwana tangu baba yao. Ukaazi umo. Mlango haumo."

Nikamuuliza kwani hakulijua hilo siku zote. Alisema alilijua kama mtu anavyojua atakufa. Kisha akasema la Nyange, ambalo tangu mazishi halijatoka mdomoni mwake. "Nimembeba mgonjwa mvuani, na wazima watatu wamekaa nyuma yangu."

Nilitaka kumwambia si wewe peke yako, mkeka ulikuwa wangu. Nilimwambia. Tukalia pamoja jikoni, tukausingizia moshi.

24 Mfungo Tano

Alasiri tulivuka kwenda Tumbe, mimi na yeye. Njiani alikuwa mchangamfu, anahesabu kwa vidole: thelathini na wanane, na hao watatu, arobaini na mmoja, yaani mmoja wa akiba. Alinambia Ijumaa hii atakhutubu juu ya kusamehe. Alishaipanga.

Ngwali alikuwa anakandika ukuta wa nyumba yake mpya, nduguze wanamchotea udongo. Baba ndiye aliyetangulia kutoa salamu, mtu mzima kwa mdogo wake. Ngwali aliacha kazi akaja mbio, akataka kumbusu mkono, akakumbuka mikono yake ina udongo. Mwanabaraka alitandika mkeka. Baba hakukaa.

"Nimekuja kukuita, Ngwali," alisema. "Weye na nduguzo. Nakuiteni kwa Mlango wa Kiti."

Matano akaweka ndoo chini. Ngwali, mtu mzima mwenye mvi, alitazama mikono yake, akaufikicha udongo vidoleni.

"Khatibu," alisema mwisho, "nshahama. Watoto washaingia chuoni hapa, wanasoma Kurani. Nshapewa na kiwanja hichi, na shamba la muhogo kule nyuma."

Baba akatikisa kichwa kama anayesikiliza habari za mtu mwengine. Ngwali akaendelea upesi, kwa sababu aliuona uso ule, na ni mtu mwema. "Lakini si mbali. Siye watatu tutavuka kila Ijumaa tusali nawe. Tutakaa penye hesabu. Nani atajua?"

Uso wa baba uling'ara. Naapa uling'ara, nami nikasema kimoyomoyo nyamaza, baba, kubali tu, nyamaza. Akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamezima.

"Haifai, mwanangu. Anayehesabiwa ni mkaazi. Nyiye wakaazi wa Tumbe sasa."

"Hata ukitutaka?"

"Hata nikikutakeni. Hilo limo kitabuni."

Ndipo alipokaa. Tulikunywa chai. Ngwali alimwonyesha mahali atakapotia dirisha, na baba akasema lipo pazuri, litapata upepo wa kusi. Wakazungumza chokaa na bei ya boriti. Kwenye kivuko tulipokuwa tunarudi baba aliniomba nimshike mkono. Hajapata kuniomba.

27 Mfungo Tano, Ijumaa

Thelathini na wanane. Sina la kuandika.

5 Mfungo Sita, Ijumaa

Bi Kazija na wanawe wamehamia Tumbe pia. Aliacha kuku. Mlango wa Kisima uliitwa, Kificho akangoja kadiri yake, akaendelea. Hakuna haja ya kuita tena kwa kuwa hakuna cha kuhesabu, lakini ukimwambia Kificho hivyo anakutazama kama umemwambia aache kula.

Mvua zinapungua. Asubuhi kulikuwa na umande tu.

12 Mfungo Sita, Ijumaa

Leo ni Maulidi, na imeangukia Ijumaa. Baba alisema hawezi kusali adhuhuri siku aliyozaliwa Mtume na huku Ijumaa inasaliwa ng'ambo. Alivaa kanzu nyeupe tu, joho akaliacha na upanga akauacha. Tukavuka mapema.

Wanawake wa Tumbe walikuwa wanapika uani kwa jirani wa msikiti, na Mwanabaraka alinikalisha karibu naye, mahali ninapoona mlango. Bi Kazija alikuwepo. Alinisogezea sinia la vitunguu nimenye naye, nami nikamenya. Nilimshukuru Mungu kwa vitunguu, maana machozi yake hayaulizwi.

Wanaume walianza kuingia. Baba alifika mlangoni akasimama. Watu wakampita, wakamwamkia, wakaingia, naye amesimama pale pale pembeni ya birika la kutawadhia, mikono nyuma. Mwanzo sikuelewa. Kisha nikaelewa: alikuwa anangoja kuitwa. Miaka sabini hajaingia msikitini siku ya Ijumaa kabla mlango wake haujaitwa, na miguu yake haikujua njia nyengine.

Ngwali alikuwa ameshaingia. Akatoka. Akamshika mkono.

"Karibu ndani, Khatibu," alimwambia. "Hapa haitwi mtu. Anayekuja anakuja."

Nilimwona baba akivuka kizingiti. Ngwali akamwonyesha safu ya mbele, watu wakajibana kumpisha. Baba akakataa kwa kichwa. Alikaa safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu, na Ngwali akakaa ubavuni pake.

Jioni njiani nilimuuliza kama walimhesabu. Aliniambia, "Msafiri hahesabiwi." Baadaye kidogo akasema khatibu wa Tumbe ana sauti nzuri ila anakimbiza maneno.

13 Mfungo Sita

Jua. Nimeanika kila kitu, hata mkeka wa darini.

15 Mfungo Sita

Baba amemwambia Kificho avuke nasi Ijumaa ijayo. Kificho aliuliza, na milango nani ataiita?

19 Mfungo Sita, Ijumaa

Tuliondoka kabla ya saa nne. Anga nyeupe, njia imekauka, nyasi zimefika kiunoni penye tanuu la Ngwali. Tulikuwa tumeshafika kivukoni, penye mnyororo, tuliposikia nyuma yetu sauti ya Kificho kutoka ngazi za msikiti. Aliita Mlango wa Bahari, akajibiwa na mtu mmoja. Aliita Mlango wa Chuma, akangoja. Akaita Uvumba, akajibiwa. Kisima, akangoja. Minazi. Kusini. Baba alikuwa anatembea mbele yangu, hakugeuka.

Kisha Kificho akaita Mlango wa Kiti.

Baba alisimama. Kutoka pale hata ungepiga mbiu Kificho asingesikia. "Nipo," akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anamjibu mtu aliye chumba cha pili. Kisha akavua viatu, akavishika mkononi, tukaingia majini.